Bisi za Pakiti na Bisi za Sufuria: Mwongozo Kamili wa Kuchagua, Kupika na Kuhifadhi

Tangu pakiti za bisi za kupikwa kwenye maikrowevu zilipoanza kuuzwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, watengenezaji wamelazimika kubadilisha mafuta yake, ladha yake na hata karatasi yake, na kila mara sababu ilikuwa kwamba kitu kilichowekwa ili kurahisisha mambo kilikuja kuonekana kuwa na kasoro yake. Bisi za sufuria hazijapitia lolote kati ya hayo. Mpishi wa leo anatumia punje, mafuta, moto na mfuniko kama alivyotumia bibi yake. Mwongozo huu unaeleza tofauti hizo zilitoka wapi, kisha unaonyesha hatua kwa hatua jinsi ya kupika bisi kwa sufuria, kwa maikrowevu bila pakiti, na kwa pakiti yenyewe, kwa yule ambaye bado anaihitaji.

Kinachotokea ndani ya punje

Anayetaka kupika bisi vizuri kwa njia yoyote ile anapaswa kwanza kuelewa kwa nini punje inapasuka, kwa sababu karibu kila kosa la jikoni linatokana na kutolielewa jambo hili. Punje ya bisi ina ganda gumu lisilopitisha mvuke kwa urahisi, na ndani yake kuna wanga ulioshikamana pamoja na maji yanayofikia takriban asilimia 14 ya uzito wake. Punje inapopata joto, maji hayo hugeuka mvuke ambao hauna pa kutokea. Joto likifika nyuzi 180 za Selsiasi hivi, mgandamizo wa ndani huwa karibu mara 9 ya ule wa hewa ya kawaida, na wanga huwa umekwisha kulainika kama uji mzito. Ganda likishindwa, mvuke hufumuka kwa ghafla, wanga hutanuka ukawa povu, na povu hilo hupoa na kukauka papo hapo. Bisi moja iliyochanua vizuri inaweza kufikia mara 40 ya ukubwa wa punje iliyotoka.

Mahindi meupe ya ugali hayafanyi hivyo, hata moto uwe mkali namna gani. Ganda lake halihimili mgandamizo huo, na sehemu kubwa ya wanga wake ni laini, kwa hiyo mvuke huvuja mapema na mpishi huishia kupata mahindi ya kukaanga, ambayo ni matamu lakini si bisi. Mahindi ya bisi ni aina ya kale. Katika maeneo ya Paredones na Huaca Prieta, kwenye pwani ya kaskazini ya Peru, wataalamu wa mambo ya kale wamepata magunzi yake yenye umri wa takriban miaka 6,700.

Kwa hiyo mambo ya kusimamia ni matatu: unyevu ulio ndani ya punje, kasi ya joto, na njia ya mvuke kutoka baada ya punje kupasuka. Sufuria humpa mpishi mamlaka juu ya yote matatu. Pakiti humwondolea mamlaka hayo na kuyafanya kwa niaba yake, wakati mwingine vizuri na wakati mwingine vibaya.

Pakiti ilivyobadilika

Mwaka 1945 Percy Spencer, mhandisi wa kampuni ya Raytheon ya Marekani, aligundua kwamba mawimbi ya vifaa vya rada yanaweza kupasha chakula joto, na miongoni mwa vitu vya kwanza alivyovijaribu kwa makusudi zilikuwa punje za bisi. Hata hivyo ilichukua muda mrefu kabla ya familia za kawaida kuipata mashine yenyewe. Maikrowevu ndogo ya kuwekwa juu ya meza ya jikoni ilianza kuuzwa na kampuni ya Amana mwaka 1967 kwa dola 495, kiasi ambacho kwa wakati ule kilikuwa kikubwa mno kwa kifaa cha jikoni.

Tatizo la bisi kwenye maikrowevu ni kwamba punje ni ndogo na ina maji kidogo, kwa hiyo hunasa mawimbi machache na kupoteza joto haraka, hasa zikiwa zimetawanyika. Pakiti ilitatua hilo kwa ujanja ambao ni wa kusifiwa. Ndani ya karatasi ya upande mmoja hubandikwa kipande chenye utando mwembamba sana wa alumini, ambao hunasa mawimbi na kuwa moto kupita chakula chenyewe. Punje na mafuta yaliyoganda hukaa juu ya kipande hicho, kwa hiyo hupata joto la chini kama la sufuria, na mvuke unapoongezeka pakiti hutuna na kuzipa bisi nafasi.

Pakiti za mwanzo zilihifadhiwa kwenye friza. Mwaka 1984 kampuni ya Golden Valley ya Minnesota ilitoa ACT II, pakiti inayoweza kukaa kwenye rafu bila friza, na biashara ikapanuka. Lakini chakula kinachokaa miezi mingi kwenye rafu kinahitaji mafuta yasiyochacha na ladha isiyopotea, na hapo ndipo mlolongo wa marekebisho ulipoanza.

Ladha ya siagi ilipatikana kwa kemikali iitwayo daiasetili. Mwaka 2000 maofisa wa afya wa Marekani waliarifiwa kuhusu watu 8 waliowahi kufanya kazi katika kiwanda cha bisi huko Jasper, jimbo la Missouri, ambao walipata ugonjwa mbaya unaoziba njia ndogo za hewa mapafuni, na uchunguzi ukaelekea kwenye mvuke wa ladha hiyo. Mwaka 2007 watengenezaji wakubwa walitangaza kuiondoa. Ni haki kueleza kwamba waliokuwa hatarini hasa ni wafanyakazi waliovuta mvuke huo siku nzima, wala si mtu aliyekula pakiti moja mbele ya televisheni, ingawa ushauri wa kutoinamia pakiti inapofunguliwa unabaki kuwa ushauri mzuri.

Mafuta yalikuwa shida ya pili. Kwa miaka mingi yalikuwa mafuta ya mimea yaliyogandishwa kwa haidrojeni, ambayo huzaa mafuta ya aina ya trans yanayodhuru moyo. Mwaka 2015 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliamua kwamba mafuta hayo hayawezi tena kuhesabiwa kuwa salama, na kuanzia Juni 2018 matumizi yake viwandani yakazuiwa kwa sehemu kubwa. Pakiti nyingi zikahamia kwenye mawese, ambayo hayana shida ile ile lakini yana mafuta mengi ya aina inayoganda, ambayo pia yanatakiwa kuliwa kwa kiasi.

Ikafuata karatasi. Ili mafuta yasipenye, karatasi ilipakwa kemikali za kundi la PFAS, ambazo haziozi kwa urahisi na hukaa muda mrefu mwilini na katika mazingira. Denmark ilizipiga marufuku katika karatasi za vyakula mwaka 2020, na Februari 2024 FDA ilitangaza kwamba kemikali hizo za kuzuia mafuta haziuzwi tena Marekani kwa ajili ya vifungashio vya chakula. Pakiti ya leo, kwa hiyo, ni bora kuliko ya miaka 25 iliyopita kwa karibu kila kipimo. Nisemalo mimi ni kwamba ubora huo umepatikana kwa kuondoa vitu ambavyo sufuria haikuwahi kuvihitaji.

Kununua na kukagua punje

Ukinunua punje za kupima sokoni, mwambie muuzaji kwamba unataka mahindi ya bisi ya kula, si mbegu ya kupanda. Mbegu zilizotiwa dawa kwa kawaida hupakwa rangi ya waridi, kijani au buluu, na hazifai kuliwa hata zikioshwa. Chukua kiganja kimoja uzitazame kwa karibu. Punje nzuri ni ndogo, inang'aa, ni ngumu, na ukiikwaruza kwa ukucha haiachi alama. Tafuta kitundu kidogo cha mviringo pembeni, ambacho ni kazi ya fukusi: punje yenye kitundu hicho haitapasuka kamwe, kwa sababu mvuke utakuwa na mlango wa kutokea. Ufa mwembamba wa ganda una athari ile ile. Ukifika nyumbani, zipepete kwenye ungo ili vumbi, mapepe na punje zilizovunjika vitoke kabla ya kuzihifadhi.

Zihifadhi katika chombo kinachofunga vizuri, mahali penye kivuli. Friji si mahali pake, kwani hewa yake hukausha punje zisizofungwa barabara. Kwenye miji ya pwani kama Mombasa, Tanga na Zanzibar, punje zilizoachwa wazi huvuta unyevu wa hewa hadi kupita kiasi. Katika nyanda kavu za bara hali huwa kinyume chake. Kasoro hizo mbili zina dalili tofauti. Punje zilizokauka mno hupasuka kwa sauti dhaifu, bisi zake huwa ndogo na nyingi hubaki chini bila kupasuka. Punje zenye maji mengi hupasuka lakini bisi zake huwa nzito, zenye ncha na za kutafunika kwa shida.

Punje zilizokauka zinaweza kurudishwa. Weka nusu kilo kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, ongeza kijiko kimoja cha chakula cha maji, funga, na utikise mpaka kila punje iwe imeloa juu. Irudie kutikisa mara kadhaa siku hiyo, kisha iache siku 2 au 3 kabla ya kujaribu punje chache. Zile zilizozidi unyevu hutandazwa kwenye sinia, ndani ya chumba chenye hewa kavu, na kujaribiwa kila siku. Usizianike kwenye jua kali la mchana, kwa sababu ganda huweza kupata nyufa.

Kupika kwa sufuria

Chagua sufuria yenye kitako kizito na ujazo wa lita 3 hadi 4. Sufuria nyembamba za alumini hufanya kazi pia, ila zinaunguza upesi na zinahitaji mkono usiotulia. Kwa ukubwa huo, tumia theluthi moja ya kikombe cha punje, yaani gramu 70 hivi, na vijiko 2 vya chakula vya mafuta. Mafuta ya alizeti au ya mahindi yanafaa kwa sababu yanastahimili joto kali, na mafuta ya nazi yaliyosafishwa hutoa harufu inayofanana zaidi na ile ya bisi za sinema. Siagi haifai katika hatua hii, kwa sababu huungua kabla punje hazijawa tayari.

Teleka sufuria kwenye moto wa wastani, mimina mafuta, utie punje 3 tu na ufunike. Hizo 3 ndizo kipimajoto chako. Utaziona zikizungukwa na viputo vidogo, kisha zikianza kucheza na kujigeuza, na hatimaye moja itapasuka. Subiri zote 3 zipasuke, uziondoe, na umimine punje zilizobaki. Sasa funika, epua sufuria, na uitikise nje ya moto kwa nusu dakika. Watu wengi huiruka hatua hii, lakini ndiyo inayofanya punje zote zifike kwenye joto linalokaribiana, ili zipasuke pamoja badala ya za kwanza kuungua zikizisubiri za mwisho.

Rudisha sufuria motoni. Milipuko itaanza mmoja mmoja, kisha itakuwa mfululizo kama mvua ya bati. Wakati huo mfuniko usikazwe kabisa: uache uwazi mwembamba upande ulio mbali na uso wako, ili mvuke utoke. Bisi ngumu kama mpira wa kuchezea, ambazo watu husema zimetokana na ubaya wa mahindi, mara nyingi ni bisi nzuri zilizolowana kwa mvuke wao wenyewe. Endelea kutikisa kila baada ya sekunde chache. Milipuko ikipungua hadi kati ya mmoja na mwingine zipite sekunde 2 au 3, epua na uzimimine mara moja katika bakuli kubwa. Zikikaa sufuriani, kitako kitaendelea kuzikaanga.

Anayetumia jiko la mkaa asiharakishe. Asubiri makaa yashike vizuri na yafunikwe na jivu jembamba, kwa sababu moto wa mwanzo hauna usawa na huunguza upande mmoja. Kwa kuwa mkaa haupunguzwi kwa kitasa, joto hupunguzwa kwa kuinua sufuria: inua, tikisa, rudisha. Wauza bisi wa barabarani hufanya hivyo bila kufikiri, na hakuna shule bora kuliko kusimama dakika tano karibu na mmoja wao.

Kupika kwa maikrowevu bila pakiti

Watu wenye maikrowevu hawalazimiki kununua pakiti. Weka robo kikombe cha punje na kijiko kimoja cha chai cha mafuta katika bakuli kubwa la kioo linalostahimili joto, uchanganye, na ufunike kwa sahani ya aina hiyo hiyo, ikiegemea bila kuziba kabisa. Washa kwa nguvu kamili. Kwa maikrowevu nyingi muda utakuwa kati ya dakika 3 na 5, lakini sikio ndilo liamue. Bakuli litakuwa moto kupita kiasi cha kushikwa mkononi, kwa hiyo tumia vitambaa vinene na usiliweke juu ya meza yenye maji, kioo kisije kikapasuka. Punje zitakazobaki zitakuwa nyingi kidogo kuliko za sufuria, kwa sababu bakuli halina kile kipande cha alumini. Usitumie mifuko ya karatasi ya kaki ya dukani: haikutengenezwa kwa joto hilo, inaweza kushika moto, na gundi au wino wake unaweza kutoa mvuke usiofaa.

Kupika kwa pakiti

Upande ulioandikwa kwamba ukae chini lazima ukae chini, kwani ndiko kilipo kile kipande cha kupokea joto. Fungua mikunjo, weka pakiti katikati, na hakikisha sahani inayozunguka haikwami pakiti inapotuna. Usikitegemee kitufe chenye picha ya bisi, kwa sababu katika mashine nyingi kinahesabu muda tu bila kujua pakiti yako ina uzito gani. Umeme ukiwa dhaifu, jambo ambalo wakazi wa miji yetu wanalifahamu, nguvu ya maikrowevu hushuka sana na muda ulioandikwa hautatosha. Umeme ukiwa mzuri, muda ule ule unaweza kuunguza. Simama karibu na usikilize, na ukisikia pengo la sekunde 2, zima. Shika pembe mbili zinazokabiliana, ufungue pakiti ikiwa imeelekezwa mbali na uso, na uiache mvuke utoke.

Usome na maandishi ya nyuma. Tazama aina ya mafuta, kiasi cha chumvi, na zaidi ya yote uangalie idadi ya watu ambao pakiti imehesabiwa kuwalisha, kwa sababu takwimu za pembeni huwa ni za mlo mmoja, ilhali pakiti nzima mara nyingi huliwa na mtu mmoja. Kwa kulinganisha, vikombe 3 vya bisi zilizopikwa kwa hewa ya moto bila mafuta vina takriban kalori 93 na gramu 3 na nusu za nyuzinyuzi. Bisi yenyewe ni nafaka isiyokobolewa. Kinachoigeuza kuwa chakula cha kuogopwa ni kile inachotiwa.

Chumvi, samli na sukari

Chumvi ya mawe huanguka chini ya bakuli, kwa hiyo itwange kwenye kinu kidogo mpaka iwe laini kama unga, na uitie bisi zikiwa bado na joto. Anayependa ladha ya siagi atumie samli iliyoyeyushwa. Siagi ina maji ambayo hulainisha bisi, ilhali maji ya samli yamekwisha kukaushwa. Pilipili ya unga na ndimu ya unga huenda pamoja vizuri, ila maji ya ndimu mbichi yataharibu kila kitu kwa dakika moja. Kwa bisi za sukari, nyunyiza vijiko 2 vya chakula vya sukari juu ya punje mara tu baada ya mlipuko wa kwanza, punguza moto, tikisa bila kupumzika, na uepue mapema kuliko kawaida, kwani sukari huungua wakati punje za mwisho bado zinapasuka.

Gharama na masalio

Umeme si hoja kubwa. Maikrowevu inayovuta wati 1,500 kwa dakika 3 hutumia uniti 0.075 tu. Tofauti iko kwenye bidhaa: kilo moja ya punje hutoa sufuria 14 za gramu 70, kwa hiyo gawa bei ya kilo kwa 14, ongeza vijiko 2 vya mafuta, kisha ulinganishe na bei ya pakiti moja katika duka lako. Kwa wengi hesabu hiyo peke yake inamaliza ubishi. Anayeishi bweni au ofisini pasiporuhusiwa jiko ana sababu ya haki ya kununua pakiti. Mwenye jiko nyumbani sioni anachokinunua zaidi ya kuokoa kazi ya kuosha sufuria.

Bisi zilizobaki ziache zipoe kabisa kabla ya kuzifungia kwenye chombo, la sivyo mvuke utazilainisha. Zikishalainika, zipashe kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo. Watoto walio chini ya miaka 4 wasipewe bisi kwa namna yoyote, kwa kuwa zinaweza kuwakaba koo, na hata watu wazima wachambue punje zisizopasuka, ambazo zina uwezo wa kuvunja jino. Punje hizo usizirudishe motoni; nyingi ganda lake lilikwisha kuvuja. Zitazame tu ni ngapi. Zikiwa chache zitupe, na zikiwa za kujaza kiganja, chukua ile chupa ya kioo na kijiko cha maji.